Modeli ya Zero ya kuunganisha: ipi ununue, ipi uiache dukani

Kabla hujalipia boksi lolote la Zero, ile ndege ya kivita ya Japani ya Vita vya Pili vya Dunia, ligeuze usome ubavuni: ni toleo la A6M2 au A6M5? Wengi huvutwa na picha ya juu, wakafika nyumbani na ndege wasiyoikusudia. A6M2 muundo wa 21 ndiyo ya shambulio la Japani dhidi ya Pearl Harbor, Hawaii, Desemba 1941. Rangi yake ni kijivu kilichoelekea uzeituni, mabawa mita 12 toka ncha hadi ncha, na ncha zenyewe zilikunjwa ili ndege iingie kwenye lifti ya meli. A6M5, yaani muundo wa 52, ilikuja 1943: mabawa yamepunguzwa hadi mita 11, nyingi zina mabomba ya moshi yaliyotokeza moja moja nyuma ya injini, na mgongo umepakwa kijani. Yangu ya kwanza ilikuwa A6M2. Niliipaka kijani chote, nikaibandika alama za Akagi, meli ya Japani ya kubebea ndege, nikajisifu. Akagi ilizama kwenye vita vya Midway, Juni 1942, kabla kijani hicho hakijaenea. Bado ipo kabatini, inanicheka.

Ukitaka yenye kisa kinachofika pwani yetu, chukua A6M2. Zero za muundo huo zilisindikiza shambulio la Colombo, Sri Lanka, tarehe 5 Aprili 1942, na baada ya hapo kundi la manowari za Uingereza lilirudi nyuma hadi Kilindini, Mombasa.

Kuhusu ukubwa, A6M2 ya skeli 1:72 (yaani ndogo mara 72 kuliko ndege halisi) ina mabawa ya sentimita 17 hivi, ya 1:48 ni 25, ya 1:32 inafika 37. Pima rafu yako kwanza.

Namba moja kwangu ni A6M5 ya 1:48 ya Tamiya, kampuni ya Japani, boksi namba 61103, iliyotoka 2008. Jaribu kushikiza bawa na kiwiliwili bila gundi uone vinavyokaa. Maungio mengi yamefuata mistari ya mabati ya ndege halisi, kwa hiyo filla ya kuzibia nyufa na msasa vinapumzika. Chumba cha rubani kina vitu vya kutosha kumridhisha mtu atakayechungulia, na hakuna vipande vidogo vya kukutoa machozi. Ila chunga hapa: Tamiya hao hao wana Zero za zamani za skeli ileile, kama A6M2 namba 61016, ambayo kalibu yake ni ya miaka ya 1970. Jina moja, skeli moja, bei ya chini, nawe unadhani umeokota dodo chini ya mwarobaini. Si mbaya kwa mtoto anayejifunza, lakini usiinunue ukidhani ni ile ya 2008. Soma namba, si picha.

Ya pili ni Eduard A6M2 ya 1:48, kutoka Jamhuri ya Czech, iliyoanza kuuzwa mwishoni mwa 2021. Kwa uzuri wa ngozi inaishinda Tamiya, maana ribiti, yaani misumari ya kushikia mabati, zimechorwa safu kwa safu juu ya bawa. Kinachoishusha ni wingi wa vipande. Eduard huiuza kwa maboksi tofauti: la Profipack lina mikanda ya kiti ya bati jembamba na vikinga vya kupakia rangi kioo; la Weekend ni rahisi zaidi kwa sababu hayo hayamo. Kama hujawahi kumaliza modeli hata tatu, liache la Profipack kwanza.

Anayeanza ningempa Tamiya A6M2 ya 1:72, ambayo nimeiweka ya tatu kwa sababu ya udogo tu. Inaungana vizuri kama kaka yake, inakula rangi kidogo, na wikendi mbili zinaitosha. Nyuma yake ipo A6M2 ya 1:72 ya Airfix, kampuni ya Uingereza. Ni nafuu, ina vipande vichache, lakini mistari ya mabati ni mipana mno kwa ndege ndogo kiasi hicho. Kwa kujaribia rangi, inafaa kabisa.

Ya mwisho ni Tamiya ya 1:32. Si kwa ubaya! Magurudumu yake yanakunjwa, injini imejaa, ni kazi ya kustaajabisha. Lakini bei yake ni mara kadhaa ya ile ya 1:48, na nimeona nyingi zikizeeka ndani ya boksi kuliko zilizokamilika.

Rangi na gundi hununuliwa kando. Katika rangi za chupa za Tamiya, XF-76 ni kijivu cha A6M2, XF-71 ni ya chumba cha rubani, XF-11 ni kijani. Ukiagiza toka nje usitegemee makopo ya kupuliza, kwani yana gesi yenye shinikizo na posta ya ndege huyakataa mara nyingi. Rangi ya maji na brashi laini vitafanya kazi, mradi upake mikono miwili mitatu myepesi badala ya mmoja mzito. Gundi iwe ile nyepesi inayoyeyusha plastiki. Super glue iwekee vipande vya bati tu. Kioo cha rubani kibandike kwa gundi nyeupe ya mbao, maana mvuke wa super glue hukiachia ukungu mweupe, na Zero nzima ikaonekana kama imeegeshwa kwenye baridi ya Alaska.