Sheria za kifo katika Dungeons & Dragons toleo la tano: nzuri, ila zina tundu moja kubwa

Kundi la Mbeya au Iringa linalotaka kuanza mchezo huu wa mezani, ambamo kila mchezaji anaongoza mhusika wake ndani ya hadithi, bila kununua vitabu lianze na SRD 5.1, waraka wa bure wa sheria za toleo la tano. Tangu Januari 2023 unatolewa kwa leseni ya Creative Commons, kwa hiyo mnaruhusiwa kuutafsiri, kuuchapa steshenari na kugawana, mradi mtaje ulikotoka. Hapa tunapima kipande kimoja tu: mhusika akiishiwa pointi za uhai, nini kinafuata?

Anazimia. Kila zamu yake ikifika anatupa dadu ya nyuso 20. Akipata 10 au zaidi amefaulu, chini ya hapo ameshindwa. Kufaulu mara tatu kunamtuliza (hafi, ila bado amezimia), kushindwa mara tatu kunamuua. Namba 1 huhesabiwa kushindwa mara mbili. 20 inamwamsha akiwa na pointi moja. Akipigwa akiwa chini, anaongezewa kushindwa kumoja, na adui aliye karibu naye kabisa akimpata, kunakuwa kuwili. Ukipiga hesabu, mhusika asiyeguswa na mtu yeyote hunusurika takriban mara 60 kati ya 100. Uwiano huo ni mzuri sana: hofu ipo, matumaini yapo.

Tundu liko kwenye tiba. Mhusika akirudishiwa hata pointi moja, kushindwa kwake kote kunafutwa. Uganga wa daraja la kwanza uitwao Healing Word hufika futi 60 na hautumii kitendo kikuu cha zamu. Matokeo yake, wachezaji wanaacha kumtibu mwenzao akiwa amesimama. Wanangoja aanguke, wanamwinua kwa pointi tano, anapiga panga moja, anaanguka tena. Vita vya hatari vinageuka kupanda na kushuka, na hakuna anayeogopa chochote.

Meza nyingi huziba tundu hilo kwa kukataa kufuta kushindwa hadi wahusika walale usiku. Hatuishauri. Anayeanguka tena akiwa na kushindwa kumoja ana nafasi ya kunusurika takriban 42 kati ya 100. Akiwa na kuwili, 21. Hiyo ni adhabu kwa mpiganaji wa mbele, ambaye kuanguka ndiyo kazi yake, huku mchawi aliyejificha nyuma haguswi.

Tunachopendelea ni uchovu: kila ukiinuka kutoka sifuri, unapata ngazi moja ya uchovu. Ngazi ya kwanza inakudhoofisha kwenye majaribio ya uwezo tu (kutupa dadu kuona kama unaweza jambo, mfano kupanda ukuta), ya pili inakata mwendo nusu, na usiku mmoja wa kulala, ukiwa umekula na kunywa, unaondoa ngazi moja. Lakini angalieni ngazi ya tatu. Inaharibu pia majaribio ya kujinusuru (kutupa dadu ili kuepuka madhara), na dadu ya kifo, ile ya aliyezimia, ni mojawapo. Mchezaji atatupa mara mbili na kuchukua namba ndogo, nafasi ya kufaulu kila zamu ikishuka kutoka 55 hadi 30 kati ya 100. Andikeni wazi kwamba uchovu hauigusi dadu ya kifo.

Kifo cha papo hapo nacho kitazamwe. Mhusika ambaye uwezo wake wote ni pointi 8 za uhai, amebakiwa na 3, akipigwa 11 anakufa bila kutupa dadu, kwa sababu ziada imefikia uwezo wake wote. Kwa mhusika wa ngazi ya kwanza ya uzoefu (si ya uchovu) hilo hutokea kirahisi mno. Liondoeni hadi wahusika wafike ngazi ya tatu.

Kufufua kunadai almasi: yenye thamani ya vipande 300 vya dhahabu, fedha ya mchezoni, ndani ya dakika moja ya kifo, au 500 ndani ya siku kumi kwa uganga wa daraja la tano. Mkiuweka mchezo Nyanda za Juu Kusini, sheria hii inanoga. Dhahabu ya Chunya iko jirani, almasi ya Mwadui iko mbali Shinyanga. Na kama hadithi yenu ni ya Uhehe wa 1891, wakati wa vita vya Lugalo, mgodi huo haupo, uligunduliwa 1940. Basi almasi iwe kitu cha kutafutwa safari nzima. Msiweke tambiko la kweli mahali pake kabla ya kuuliza kila aliye mezani, maana kwa mwenzenu huenda huo si mchezo.

Hamna dadu ya nyuso 20? Chukueni karata, ondoeni picha na jokeri, zibaki 40. Ree ni 1. Nyekundu ni 1 hadi 10, nyeusi ongezeni 10. Kila karata irudishwe na kuchanganywa kabla ya kuchota nyingine. Mkiziacha nje, kila aliyeshindwa atampunguzia anayefuata karata mbaya. Karata zina faida nyingine: mchezaji na mwendesha mchezo (anayesimulia hadithi na kuongoza maadui) tu ndio waione. Wenzake wasipojua ameshindwa mara ngapi, watamkimbilia mapema.

Waraka haumsemei mchezaji aliyekufa saa tisa wakati kikao kinaisha saa kumi na mbili. Apewe maadui awaendeshe hadi vita viishe. Mhusika wa akiba aandikwe siku ileile ya kwanza, ngazi sawa na wenzake, na aingie kundi likipumzika.