Fundi wa Unga Limited anayetafuta mlio kabla ya kutaja spea: uzoefu wangu

Huduma ninayoisifia hapa ni moja tu: kutafuta kinachogonga chini ya gari, mbele. Unamlipa fundi akague mpaka aseme kwa uhakika kilichochoka ni kipi, halafu uamuzi wa kutengeneza unabaki kwako. Arusha mafundi wa kufunga spea wako kila kona. Wa kutafuta mlio kwa subira nimempata mmoja, yuko Unga Limited, kata ya hapa hapa Arusha, na ameniridhisha kiasi cha kukaa chini na kuandika.

Gari langu ni Toyota IST. Kila siku linapanda barabara ya mawe ya Ilboru, na mara kwa mara linateremka Moshi kwa lami. Lilianza kulia ko-ko-ko mbele, kwenye mwendo mdogo, penye vijiwe na vishimo vifupi. Ajabu ni kwamba nikipanda tuta kubwa taratibu lilikuwa kimya kabisa. Palikuwa na mlio mwingine pia, ko moja nzito, nikikata usukani wakati wa kuegesha.

Kabla ya hapo nilipita kwa mafundi wengine. Mmoja alibonyeza boneti, akaliangalia gari likinesa, akasema shokapu zote mbili zimekufa. Mwingine alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, akasema, "Dada, hapa tufumue mbele yote, boljointi, bushi, tairodi, uanze upya." Boljointi ni kiungo cha duara kinachounganisha tairi na amu, yaani mkono wa chuma unaolishika tairi kwa chini; bushi ni raba za kwenye maungio, na tairodi ni fimbo inayolisukuma tairi ukikata usukani. Hakuna aliyeliinua gari hata kwa jeki. Niliwashukuru nikaondoka na hela yangu mfukoni, kwa sababu duka la spea halikurudishii fedha ya shokapu iliyokwisha kufungwa eti kwa kuwa mlio bado upo.

Huyu wa Unga Limited ni mtu mzima. Nilimsalimia shikamoo, akaitikia, na kabla hajagusa gari akaanza kuuliza. Linagonga tairi moja likiingia shimoni, au hata yote mawili yakipanda pamoja? Ukikanyaga breki kidogo, mlio unabaki au unapotea? Ukiondoka je? Ukikata kona hadi mwisho huku unakanyaga mafuta, linatoa tik-tik-tik? Hilo la mwisho ni dalili ya jointi ya shafti ya tairi, na kwangu haikuwepo. Halafu akaagiza buti itolewe vitu vyote: jeki, spana, tairi la akiba. Bodi ya gari inasafirisha sauti, alisema, na kitu kilicholegea nyuma kinaweza kukudanganya kuwa kiko mbele.

Tukatoka nalo barabarani, mimi kwenye usukani, yeye pembeni, vioo chini. Penye mawe akaniambia niguse breki kidogo bila kusimama. Kama mlio ungekatika, pedi ya breki au kalipa inayoishika ndiyo ingekuwa inacheza. Haukukatika. Akanirudisha kwenye tuta, tukalipanda matairi yote mawili kwa pamoja: kimya. Tukalipanda tena kwa ubavu, tairi moja kwanza: ko!

Hapo alinieleza jambo ambalo naona kila mwenye gari dogo anapaswa kulijua. Nondo ya stabilaiza inaunganisha upande wa kushoto na wa kulia, na inashikiliwa kila mwisho na linki fupi yenye vijiungo kama boljointi ndogo. Matairi yakipanda pamoja, nondo inazunguka tu kwenye bushi zake na linki hazipati kazi kubwa. Tairi moja likipanda na jingine likibaki chini, nondo inajikunja, linki zinavutwa na kusukumwa, na kama viungo vyake vimelika vinagonga. Ndiyo maana barabara ya vishimo vidogo inalia kuliko tuta kubwa.

Hata hivyo hakutaka kuamini maneno yake mwenyewe. Aliinua mbele yote, akaweka stendi, akashika kila tairi juu na chini akalitikisa. Likicheza hivyo, ni beringi au boljointi; ili kuzitofautisha, kijana wake alikaa tayari kukanyaga breki. Breki ikishika na mchezo ukaisha, tatizo ni beringi. Ukibaki, tafuta boljointi. Yangu hayakucheza. Akashika kushoto na kulia, akapima tairodi na upande wa reki ya usukani: salama. Boljointi aliirudia mara nyingine kwa mtaimbo, na sikumkatiza, maana kiungo hicho kikichomoka gari likiwa mwendoni, tairi linalala na gari halishikiki tena.

Bushi za amu alizionyesha kwa tochi. Raba ilikuwa na nyufa za juu juu lakini bado inashika vizuri. "Hizi ziache," alisema. Akaongeza kwamba siku ya kuzibadilisha niangalie boliti zake zikazwe mwisho wakati gari limesimama kwa uzito wake juu ya matairi. Zikikazwa matairi yakining'inia, gari likishushwa raba inabaki imesokotwa na inachanika mapema. Sijawahi kumsikia fundi mwingine akimwambia mteja hilo, na nadhani ndilo linaloua bushi mpya nyingi hapa mjini.

Linki alizipima baada ya kulishusha, gari likiwa limekaa sawa. Ukiinua tairi moja peke yake, nondo inajikunja na kuibana linki, hata iliyochakaa itaonekana ngumu. Kwa mkono tu, ya kushoto ilicheza waziwazi, ya kulia kidogo. Kisha akafungua zote mbili, akaifunga nondo kwa waya isigonge popote, tukarudi kwenye mawe yale yale kwa mwendo wa kutembea. Kimya kabisa! Akanionya gari lisiendeshwe mjini hivyo, kwa kuwa bila linki linalala sana kwenye kona.

Mlio wa usukani ulichukua muda mfupi. Aliweka kiganja kwenye springi ya kulia, kijana akazungusha usukani, nami nikaambiwa niguse. Springi ilikwama, kisha ikaruka. Beringi ya mauntingi, ile inayokaa juu ya shokapu, ilikuwa imekauka na kushika kutu. Shokapu zenyewe zilikuwa nzima, kavu, hazina hata tone la oili lililovuja.

Ukaguzi nililipa Sh20,000. Spea alinitajia nikanunue mwenyewe: linki zote mbili, kwa kuwa ya pili isingekawia, na mauntingi ya kulia pamoja na beringi yake. Ufundi wa kufunga tulielewana bei siku hiyo hiyo. Tangu hapo nimeshaenda Moshi na kurudi, nikapita rasta na matuta, na Ilboru napanda kama kawaida. Mbele hakugongi kitu.

Yasiyopendeza yapo. Hatoi risiti wala karatasi ya ukaguzi, kila kitu ni mdomo, na kwa anayetaka kumbukumbu za gari lake hilo ni pungufu kubwa. Foleni ni ndefu, uwanja unakuwa tope mvua ikinyesha, na mashine ya alaimenti, ya kupima matairi yamenyooka, hana. Kwa kuwa shokapu ilitolewa ili kubadilisha mauntingi, ilinibidi niende kwingine kupima matairi.

Mwenye gari kubwa asidhani atapimiwa kama IST. Nilipokuwa nasubiri palikuwa na Hilux, na jeki aliiweka chini ya amu ya chini, si chini ya chesisi, kwa sababu kwenye gari lile uzito wa springi unakaa kwenye amu hiyo. Bila kuuondoa uzito huo, boljointi ya chini inabanwa na mchezo wake hauonekani. Fundi anayeweka jeki mahali pamoja kwa kila gari angeipitisha boljointi mbovu.

Ukienda, fika asubuhi mapema, buti ikiwa tupu, na uwe tayari kueleza mlio unatokea lini hasa. Mimi nitarudi baada ya masika azitazame zile bushi za amu.