Uzoefu wangu na modemu ya nje ya 56K: kasi yake kwa vipimo vya leo

Modemu yenyewe (kifaa cha kupitisha data ya kompyuta kwenye laini ya simu) ni ya nje, ya kiwango cha V.92, ina chipu ya Conexant, poti ya siriali na safu ya taa mbele. Naipa nyota nne. Ya tano nimeizuia kwa sababu ya boksi: limeandikwa "56K" kwa herufi kubwa bila kusema ni 56 za nini, na mtu aliyezoea vifurushi vya faiba huzisoma kama kilobaiti. Hapo hesabu yote imeshakwenda mrama.

Ni biti 56,000 kwa sekunde, na kilo hapa ni 1,000 kamili, si 1,024. Gawa kwa 8 upate baiti 7,000, yaani 7 kB/s (kilobaiti kwa sekunde). Programu inayohesabu kwa 1,024 itakuonyesha 6.84. Kwa kipimo cha vifurushi vya leo ni 0.056 Mb/s (megabiti kwa sekunde), kwa hiyo laini ya Mb/s 10 inaizidi mara 178 na ushei.

Hicho ni kilele cha kwenye karatasi. Marekani, kikomo cha nguvu ya mawimbi kwenye laini za simu kilikishusha hadi 53,333. Tena ni cha kupokea tu, na lazima mtoa huduma awe ameungwa kidijitali upande wake. Ukinunua modemu mbili za aina hii ukaziunganisha kupitia laini mbili za kawaida za mezani, hazitavuka 33,600. Usizirudishe dukani, hazina ubovu: kasi za 56K hudai njia nzima iwe na sehemu moja tu inayogeuza dijitali kuwa analogi.

Kinachosumbua zaidi ni namba ambayo modemu yenyewe inairipoti. Kama ilivyokuja, ikishika laini huandika CONNECT 115200. Hiyo ni kasi ya kebo kati ya kompyuta na modemu, wala haihusiani na laini ya simu. Andika ATW1&W kwenye programu ya tamino (ya kuiandikia modemu amri), piga simu upya, na utaona kitu kama hiki:

CARRIER 31200
PROTOCOL: LAP-M
CONNECT 115200

Namba ya mstari wa kwanza ndiyo ya kugeuza kuwa baiti. 31,200 gawa kwa 8 ni baiti 3,900 kwa sekunde, yaani 3.9 kB/s au 0.0312 Mb/s. Faili la baiti 1,000,000 litachukua dakika 4 na sekunde 16, na kidogo juu yake. Anayetumia 115,200 ataahidi zaidi ya mara tatu ya uwezo wa laini.

Mstari wa pili nao usiuruke, maana ndio unaokuambia ugawe kwa 8 au kwa 10. LAP-M maana yake V.42, kanuni ya kurekebisha makosa, imewaka: biti za kuanzia na kumalizia kila herufi huondolewa kabla ya data kuingia kwenye laini, hivyo unagawa kwa 8 na kutoa kidogo kwa ajili ya vifungashio vya itifaki. Bila kurekebisha makosa, kila baiti husafiri na biti zake mbili za ziada, na kigawanyo ni 10. Ndiyo maana modemu ya zamani ya biti 2,400 kwa sekunde hutoa herufi 240 kwa sekunde, na skrini ya herufi 80 kwa mistari 25 huchukua zaidi ya sekunde 8 kujaa.

Kuhusu baudi: ni idadi ya mabadiliko ya mawimbi kwa sekunde, si biti. Kwenye Bell 103, modemu ya zamani, baudi na biti vilikuwa sawa, 300 kwa 300, na mazoea yakaanzia hapo. Modemu ya biti 2,400 huenda kwa baudi 600, kila badiliko likibeba biti 4. Ile ya 14,400 huenda kwa baudi 2,400, biti 6 kila moja. Ukikuta kikokotoo kinachouliza "baudi" bila kuuliza kiwango cha modemu, usikiamini.

Ukitaka kuhakiki kwa saa, tuma faili la zip, si maandishi. V.42bis, kanuni ya kubana data, hubana maandishi na kukupa kasi isiyo ya laini. Au zima ubanaji kabisa kwa AT%C0 (modemu za USRobotics hutumia AT&K0). Kwenye chipu hii AT&K3 huwasha udhibiti wa RTS/CTS (waya za kusimamisha na kuruhusu data kati ya kompyuta na modemu); na programu ya tamino nayo iwekwe hivyohivyo, la sivyo baiti hupotea poti ikiwa kwenye 115,200 na faili hurudia vipande mpaka ukate tamaa.

Ukiiunga modemu kwenye simu ya intaneti, chagua kodeki (namna ya kugeuza sauti kuwa data) ya G.711. Ukiacha G.729, ambayo imeundwa kwa sauti ya mtu, milio ya modemu kusalimiana itasikika lakini taa ya CD (ya kuonyesha laini imeshikwa) haitawaka.