Wanasesere waliotengenezwa kwa mkono, Nairobi: nani wa kununua kwanza, nani wa kuacha mezani

Rafu ya sebuleni kwangu ina wanasesere kumi na mmoja, na wanne kati yao nisingewanunua leo. Mwongozo huu ni wa anayetafuta mwanasesere wa kuwekwa na kutazamwa, si wa mtoto kutafuna. Nimewapanga kuanzia yule ningekwambia umnunue kwanza. Ninachopima ni kimoja tu: je, aliyemtengeneza anajulikana, au angalau mkono wake unaonekana kwenye kazi? Uzee wa kitu sikuuhesabu, na sababu utaiona tukifika mkiani.

Namba moja: kokwa la mkoma, kazi ya Waturkana

Mkoma ni wa jamii ya mitende, huota kando ya mito ya Turkana, na majani yake ndiyo wanayosukia vikapu. Tunda lake huliwa ganda la nje. Linalobaki ni kokwa gumu la kahawia, kubwa kama yai la kuku, ambalo hung'aa kadiri linavyoshikwashikwa. Wasichana wa Kiturkana wamekuwa wakiligeuza kuwa mtoto tangu zamani. Kokwa hubeba shanga shingoni, tabaka juu ya tabaka, na kipande cha ngozi ya mbuzi kinachoning'inia chini. Macho hamna, mdomo hamna. Wabunifu wa siku hizi hutoa jasho kutafuta usahili wa namna hiyo, na hapa umeokotwa chini ya mti.

Wangu nilimnunua kwa shilingi 1,800, baada ya kuanzia 4,500. Kwenye shanga zake nyekundu kuna mstari mmoja wa bluu unaokatika katikati, halafu nyekundu inaendelea. Nikadhani nimegundua maana fulani ya kimila, nikamuuliza muuzaji: "Mama, hii bluu inasema nini?" Akacheka. "Nyekundu ziliisha, na mvua ilikuwa inakuja." Tangu hapo ndiye nimpendaye kuliko wote.

Ukimshika, gusisha shanga kwenye mdomo wako wa juu. Za kioo ni baridi na zikigongana hulia kidogo. Za plastiki hazina ubaridi, ni nyepesi, na mara nyingi zina mshono wa kalibu ubavuni. Uzi wa nailoni usikutishe. Zamani walitungia kano za mnyama, leo nailoni inapatikana kila duka, na fundi aliye hai hutumia kilichopo. Ngozi inuse: mafuta na moshi ni sawa, uvundo si sawa. Na kama muuzaji anakwambia ni ngozi ya mnyama wa porini, mrudishe mezani uondoke, maana sheria ya wanyamapori ya mwaka 2013 haitambui kwamba ulikuwa unapamba sebule.

Sasa bei. Maasai Market, soko la kazi za mikono, huhama kulingana na siku, na popote ilipo utapokewa na kijana mwenye kikapu. "Kastoma, kuangalia ni bure." Atakuzungusha, kila ulichokisifu atakitia kikapuni, mwishoni akupe bei moja ya jumla, na fungu lake limo ndani. Usimpe nafasi. Mwambie asante, unatembea peke yako, kisha simama mbele ya meza na uulize swali hili kabla ya bei: huyu ametengenezwa na nani? Aliyemtengeneza mwenyewe atakuonyesha fundo la mwisho alilifunga wapi. Mchuuzi atakwambia ni "wa kienyeji kabisa".

Namba mbili: wa nguo, wa kuagiza

Huyu humkuti kwenye meza, unamtengenezesha. Nunua kitenge au leso Biashara Street, mpelekee fundi wa nguo unayemwamini, au msanii anayeshona wanasesere, kisha mkubaliane mambo matatu kabla hujatoa malipo ya kwanza: atajazwa nini, uso utatiwaje, na jina la fundi litakaa wapi. Pamba au vipande vya nguo vilivyokatwa vidogo hudumu. Sponji huanza kumomonyoka na kugeuka unga ndani kwa ndani. Uso uwe wa kudarizi, wala usikubali vifungo vya kubandika kwa gundi. Nywele waachie mafundi uhuru. Mmoja wangu amesukwa kwa nywele za salon, laini sita za kurudi nyuma zilizonyooka kuliko zangu, na mgeni yeyote akiingia humshika kichwa kabla hajanisalimia vizuri.

Mweke mbali na dirisha. Jua la Nairobi la saa nane litaila rangi ya kitenge upande mmoja, na hakuna dawa yake.

Namba tatu: wa sufu kutoka Njoro

Wanawake wa huko husokota sufu ya kondoo kwa mkono, huitia rangi za mimea, kisha hufuma wanasesere na wanyama. Utawapata kwenye maduka ya kazi za mikono, na kwenye kile kikaratasi kilichofungwa angalia sahihi ya aliyefuma. Hicho kikaratasi usikikate. Sikumpa nafasi ya juu zaidi kwa kuwa anafanana mno na ndugu zake. Kama lakini unaanza leo na pesa zako ni kidogo, anza naye.

Namba nne: wa maganda ya mgomba

Ni rahisi, ni mwepesi, na akitengenezwa vizuri ana mwendo: mama mwenye kuni mgongoni, mguu mmoja mbele, kama kweli anapanda kilima. Tatizo ni unyevu. Baridi ya Julai ilimkuta wangu ukutani jikoni akaota ukungu wa kijivu hadi shingoni. Kataa aliyepakwa vanishi nzito, inafunika kazi yote na kumfanya aonekane amelowa.

Namba tano: "wazee"

Hapa ndipo pesa za wengi hupotelea. Kwenye maduka ya vinyago utaonyeshwa mwana hiti wa Wazaramo wa Tanzania, kile kisanamu kisicho na mikono wala miguu, chenye kishungi cha nywele kichwani, ambacho mwali alipewa akiwa ndani. Utaonyeshwa pia akuaba wa Waashanti wa Ghana mwenye kichwa cha duara bapa, aliyebebwa mgongoni na mwanamke anayetafuta mtoto. Ni maumbo mazuri ajabu. Wengi wa hao wa madukani, hata hivyo, ni nakala za juzi zilizozeeshwa.

Mimi niliuziwa mwana hiti "wa enzi za babu" kwenye duka moja ambalo silitaji. Nyumbani nikampangusa kwa kitambaa cheupe, kikatoka cheusi, na harufu ikawa ya Jumapili asubuhi tulipokuwa tukipiga viatu rangi. Wiki chache baadaye nikakuta rundo dogo la unga laini chini yake: bungua walikuwa kazini. Kwa hiyo nenda na kitambaa cheupe mfukoni, mpindue, utafute vitundu vyenye unga mpya. Nakala si dhambi, ilimradi ulipe bei ya nakala.

Kabla ya kununua yeyote, pita Nairobi Gallery, lile jengo la 1913 kwenye kona ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway. Humo kuna vitu vya Joseph Murumbi, aliyekuwa makamu wa rais mwaka 1966 na mkusanyaji asiyechoka. Saa moja humo inafundisha jicho kuliko safari kumi za sokoni.

Ukimleta nyumbani mwenye ngozi, sufu au mbao, mfunge ndani ya mfuko wa plastiki, toa hewa, umweke kwenye friza la nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili. Hivyo ndivyo makumbusho huua nondo na mabuu yao. Ukimtoa usifungue mfuko mpaka kesho yake, ili umande utue nje ya plastiki na si juu yake. Na andika jina kwenye mfuko. Shangazi alikuja kwangu akafungua friza kutafuta tilapia, na mpaka leo akinipigia simu huuliza kwanza kama yule mtoto bado yumo.