Wahudumu wa nyumbani kwa mtumiaji wa kitimwendo: uzoefu wangu

Huduma ninayoielezea ni ya wakala anayeleta wahudumu nyumbani, kwa muda wa saa mbili kila asubuhi na wa saa moja na nusu kila jioni, siku saba kwa wiki. Natumia kitimwendo, miguu haina nguvu, mikono ninayo. Nawapa alama nne kati ya tano.

Kabla ya kumpigia wakala yeyote, andika wiki yako nzima kwenye daftari. Usiandike "nahitaji kusaidiwa kuoga". Andika dakika: kutoka kitandani 10, choo 30, kuoga na kujikausha 40, kuvaa 20, chai 20. Hapo saa mbili zimekwisha na shuka bado haijatandikwa. Usisahau usiku. Asiyeweza kujigeuza mwenyewe kitandani kwa kawaida hugeuzwa kila baada ya saa mbili, na kazi hiyo haionekani kwenye hesabu za wengi hadi familia imechoka kabisa. Wakala wangu alianza kwa kupendekeza muda wa saa moja tu asubuhi. Daftari ndilo lililomfanya aongeze.

Pili, atakayekuja kupima mahitaji aje na futi kamba. Mlango uwe na upana wa sentimita 80 hivi ukiwa wazi, na kitimwendo kipate mduara wa sentimita 150 wa kugeukia. Mteremko huhesabiwa moja kwa kumi na mbili, kwa hiyo ngazi ya sentimita 15 inadai mteremko wa sentimita 180. Godoro likiwa juu sana kuliko kiti, kurudi kitandani ni kupanda mlima. Anayekupangia saa kwenye simu bila kukiona kitanda chako, mimi namwacha hapo hapo.

Mhudumu mpya namwangalia kwanza anavyonihamisha. Kiti kikae ubavuni mwa kitanda, kwa pembe ya nyuzi 30 hadi 45. Breki zote mbili zifungwe, vikanyagio viondolewe, na egemeo la mkono la upande wa kitanda litolewe. Ubao wa kuhamia uingie vizuri chini ya paja, na ncha ya pili ikae imara juu ya kiti. Akinishika makwapani, namsimamisha: bega huumia hivyo, na kwangu mimi bega ndilo mguu. Akiniburuta juu ya shuka badala ya kuninyanyua, ngozi ya makalio inachubuka bila mimi kuhisi.

Ngozi ikaguliwe kila siku, kuwahi vidonda vya kulalia: kifandugu, nyonga, visigino. Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi, kwa hiyo mhudumu apitishe mgongo wa kiganja. Penye joto, pagumu au palaini kuliko pembeni yake, pasilaliwe tena hadi patulie. Wangu wanajua hili vizuri, na kwa hilo peke yake ningewalipa. Mfuko unaokusanya mkojo kupitia mpira nao ubaki chini ya usawa wa kibofu wakati wote, hata wa kuhamishwa. Ukiwekwa mapajani, mkojo unarudi juu.

Alama moja wameipoteza kwa wahudumu mbadala. Mhudumu wako akiugua, anakuja mtu asiyejua lolote, na nusu saa inaishia kwenye maelezo. Dawa yake ni karatasi moja ndani ya mlango wa kabati: hatua za kunihamisha kwa mpangilio, dawa na saa zake, namba ya dharura. Nayo iandikwe na wewe. Za wakala huwa ni za mgonjwa yeyote.

Pa kuanzia kutafuta ni chama cha watu wenye ulemavu, kisha ofisi ya ustawi wa jamii na mtaalamu wa tiba kwa vitendo, yule anayesaidia mtu kumudu shughuli za kila siku kama kuoga na kuvaa. Zungumza na watumiaji watatu hivi, hasa waliohama wakala, uwaulize kwa nini. Ukiomba msaada serikalini, taja Ibara ya 19 ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu wenye Ulemavu wa mwaka 2006; msaidizi binafsi ametajwa humo waziwazi, kama sehemu ya haki ya kuishi katika jamii.

Kwenye mkataba, dai wiki mbili za majaribio, na mhudumu mpya afanye siku mbili pamoja na anayeondoka. Iandikwe pia nani anashika ufunguo, na mbadala atafika baada ya muda gani. Wakisema "haraka iwezekanavyo", likate neno hilo, uweke dakika.