Separeta imerudi kutoka Shimanzi inang'aa, na oili inatokea njia ya maji: uzoefu wangu

Kama chombo chako kina separeta ya oili, mashine inayotenga maji na uchafu kwenye oili kwa kuizungusha kwa kasi, hii wengine wanaiita pyurifaya, na unafikiria kuipeleka kufanyiwa ovahoo kwenye ile karakana ya Shimanzi, hapa Mombasa, ambayo kila mtu bandarini anaisifu, ngoja kwanza. Yangu ilirudi imepakwa rangi, beringi mpya, oringi (zile ringi za mpira za kuzuia uvujaji) mpya, risiti ndefu kama mkeka. Zamu ya kwanza haijaisha, oili safi ya injini ilikuwa ikitoka kwenye bomba la maji na kuteremka tangi la tope, yaani la uchafu wa mafuta. Haikutoka yote kwa mkupuo. Ingekuwa hivyo presha ya kutokea, ile ya bomba la oili safi, ingeanguka na alamu ingelia. Ilikuwa ikichuruzika tu. Tuliligundua pale kimo cha oili ya injini kiliposhuka huku tangi la tope likipanda. Karibu pipa zima la lita 200 lilikuwa limekwenda.

Na hasara haiishi hapo. Oili ikishaingia tangi la tope haimwagwi baharini. Kikomo cha MARPOL, mkataba wa kimataifa wa kuzuia meli zisichafue bahari, kwa maji yanayotoka chomboni ni sehemu 15 za mafuta kwa milioni, basi tope lote linashushwa nchi kavu kwa kulipia. Umenunua oili, umeipoteza, halafu unalipa tena ichukuliwe.

Lakini pipa lile ningelisahau. Kilichonichoma ni fundi waliyemtuma. Kabla hata hajashuka chumba cha injini ameshatoa hukumu: "Mzee, mashine tumeijaribu kwetu, ni nzima. Oili yenu ndiyo chafu." Hakuangalia kipimajoto. Hakuuliza mtiririko. Alishika valvu ya presha ya kutokea, akaikaza robo mzunguko, akasema "sasa itatulia." Nilipomuuliza wameweka diski ya graviti ya ngapi, akanijibu, "Hayo ni mambo ya vitabu, mzee, mimi hizi nazifungua kila siku."

Mambo ya vitabu! Ndiyo moyo wa mashine huo.

Ndani ya separeta mna bakuli la chuma linalozunguka maelfu ya mara kwa dakika. Maji, kwa kuwa ni mazito, yanatupwa ukutani pamoja na uchafu; oili inapanda kati ya zile sahani zilizopangwa ndani ya bakuli, zilizopishana kama nusu milimita tu, na kuelekea katikati. Pale maji yanapokutana na oili pana mpaka, na mpaka huo unatakiwa usimame nje kidogo ya kingo za sahani, basi. Anayeuweka hapo ni diski ya graviti, ile ringi ya juu ya bakuli ambayo maji hupita kwenye tundu lake yanapotoka. Tundu likiwa dogo mno, mpaka unaingia ndani ya sahani na oili inatoka ikiwa bado na maji. Likiwa kubwa mno, mpaka unasukumwa nje hadi ukingo wa sahani ya juu kabisa, kizibo cha maji, yaani yale maji ya ukutani yanayoizuia oili isipite, kinavunjika, na oili inajipatia njia ya maji. Kwa hiyo kanuni ni kuweka tundu kubwa kadiri inavyowezekana bila kizibo kuvunjika. Na kukaza valvu ya presha ya kutokea, kama alivyofanya yule kijana, kunausukuma mpaka uleule zaidi kwenda nje. Alikuwa anazidisha ugonjwa alioitiwa kuutibu, na mkono mmoja mfukoni.

Mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Alipoondoka nilizunguka kote kabla ya kugusa bakuli, na napendekeza ufanye hivyo hivyo, kwa sababu kizibo huvunjika kwa mengi. Joto kwanza: oili ya injini inataka nyuzi 85 hadi 90 na kuendelea kidogo, ikipoa inakuwa nzito na mpaka unatoka nje wenyewe. Yangu ilikuwa 88, haitikisiki. Mtiririko: oili ya injini za siku hizi haipitishwi kwa uwezo wote ulioandikwa kwenye kibati, robo yake hivi inatosha, nami nilikuwa chini ya hapo. Maji ya kuziba: yanaingizwa ya moto, mpaka yaonekane yakitoka bomba la maji, yanafungwa, ndipo oili inafunguliwa polepole. Ukiifungua kwa pupa inayabeba maji yote. Nilirudia mara tatu, taratibu, bado inachuruzika. Oringi kubwa ya bakuli nayo haikuwa na kosa, maana ile ikivuja oili inakimbilia upande wa tope, si bomba la maji. Hapo ikabaki diski.

Kuibadilisha si kazi ya kuita mtu. Zima, kata umeme, subiri bakuli lisimame kabisa kabisa. Usifungue kifuniko kwa sababu sauti imepungua. Ondoa kifuniko na vikombe vya kutolea, halafu nati ndogo ya juu, na kumbuka meno yake ni ya kushoto, unaifungua kwa kuzungusha unakokaziaga nati nyingine. Diski iko chini yake. Sahani huzigusi. Kwenye diski kipenyo cha tundu kimechongwa kwa milimita, na yangu ilisoma 76. Chati ya manuali, kwa oili yetu, joto letu na mtiririko wetu, inataka 69.

Wameitoa wapi 76? Nilipiga simu nikaambiwa kwa fahari kwamba kila mashine wanaijaribu kwa dizeli. Ndilo jibu hilo. Dizeli ina uzito wa kilo 0.84 hivi kwa lita, oili ya injini 0.89 au 0.90. Mafuta mepesi yanataka tundu kubwa, mafuta mazito tundu dogo. Waliweka diski ya dizeli, wakajaribu, ikafanya vizuri, wakafunga sanduku. Diski yangu ya 69 niliikuta chini ya mfuko wa spea za zamani, imefungwa gazeti.

Sasa, nikiwa mkweli, kazi nyingine waliyoifanya sijaona mfano wake Mombasa hii. Nilitarajia kuwakuta wameharibu kila kitu, na sivyo. Maji yetu mnayajua, ya kisima yana chumvi na chokaa, na chokaa ndiyo inayoziba vile vitundu vyembamba vya maji ya kufungia bakuli, hadi linakataa kufunga au linafunguka katikati ya kazi. Wao walilowesha sehemu zote kwenye asidi ya siki ya asilimia 10, hawakuchokonoa kwa waya, na vitundu vilitoka kama vipya. Vitambaa vya klachi walibadilisha vyote kwa pamoja, basi mashine inafika mwendo wake bila kusuasua na ampea zinashuka inavyotakiwa. Alama za bakuli na kifuniko chake zimekutana mstari kwa mstari. Mtetemo hakuna, ukiweka sarafu juu ya fremu inakaa. Kwa shafti na beringi ningewarudia kesho, na hapa nilikuwa karibu kufuta niliyoyasema juu.

Siyafuti. Kila nikikumbuka ule mkono unakaza valvu bila jicho kuangalia kipimajoto, hasira inanirudia upya. Fundi anayejua kusafisha kitundu cha milimita moja hashindwi kusoma namba iliyochongwa kwenye chuma. Alikataa tu kuisoma kwa sababu aliyemuuliza ni mteja. Laiti angesema "ngoja tuangalie", tungemaliza kwa nusu saa na ningewaandikia sifa tupu.

Basi ukiwapelekea, wapelekee, lakini kabla mashine haijatoka kwako andika namba ya diski iliyomo, ipige picha, na uandike kwenye karatasi ya kazi: oili gani, joto gani, lita ngapi kwa saa. Ikirudi, fungua nati ile ndogo uisome mwenyewe kabla hujapitisha hata tone. Na usikubali bakuli lako lichanganywe vipande na la mwingine, kwani kila bakuli na vipande vyake linasawazishwa kama kitu kimoja.

Kwa 69 mashine imekesha kwa nyuzi 88, bomba la maji kavu, oili inatoka angavu. Ile 76 ninayo. Waje waichukue pale watakapoleta pesa za pipa.