Seti ya sili za busta ya hidroliki: uzoefu wangu kwenye pikapu ya 1985

Nina miezi minane tangu nifunge seti hii ya sili (mipira ya kuzuia oili isivuje) kwenye busta, kifaa kinachouongezea mguu nguvu kwenye breki, na breki hazijanisumbua tena. Kilichoniumiza mfuko si seti, ni masta silinda (silinda kuu inayosukuma mafuta ya breki) niliyonunua kabla yake bila sababu.

Pikapu yangu ni ya dizeli. Injini ya dizeli haitoi mvuto wa hewa (vakyumu) wa kuendesha busta kama ya petroli, kwa hiyo busta yake si lile pipa bapa jeusi tulilozoea kuliona nyuma ya masta silinda. Hii inasukumwa na oili ya pampu ya stelingi, mfumo ambao Bendix waliuita Hydro-Boost. Pampu moja, kazi mbili: usukani na breki. Fundi wangu wa kwanza hilo hakulijua, na mimi, kusema kweli, nilikuwa nimelisahau.

Pedali ilianza kuwa ngumu, hasa nikiegesha, pale ninapokata usukani huku nimekanyaga breki. Fundi akasema masta silinda imekufa. Tukafunga mpya, tukatoa hewa kwenye mafuta ya breki za magurudumu yote manne. Pedali vilevile, kama unakanyaga tofali.

Ndipo nikakaa mwenyewe na gari. Nilizima injini, nikakanyaga pedali mara tano sita mpaka akiba ya presha ndani ya akumuleta (kopo la busta linalotunza presha) ikaisha, kisha nikaikandamiza na kuwasha. Busta isiyo na hitilafu inaiachia pedali izame kidogo, halafu inausukuma mguu juu. Yangu ilizama kwa kusitasita, ikatulia hapo hapo. Mkanda wa pampu ulikuwa umekaza vizuri, lakini oili ya stelingi ilikuwa imeshuka. Inakwenda wapi? Nikapitisha kitambaa cheupe pale masta silinda inapokutana na busta, kikatoka chekundu. Kwenye stelingi naweka ATF nyekundu, ile oili ya giaboksi ya otomatiki. Mafuta ya breki yana rangi ya asali nyepesi. Basi masta silinda ya zamani haikuwa na kosa lolote, na tulishaitupa.

Sasa seti yenyewe. Ndani kuna sili ya pistoni, sili ya fimbo ya pedali, mpira wa kati ya vipande viwili vya kasha, na oringi (mipira ya duara) za vali. Mpira wake ni mzuri, laini bila kulegea. Maelekezo hamna hata karatasi moja, na hapo ndipo mtu anaweza kuharibu: mdomo wa sili ya pistoni lazima uelekee upande wenye presha. Ukiigeuza utafungua kila kitu upya. Mimi niliipitisha juu ya kipande cha nailoni kilichopakwa oili ili kingo za chuma zisiikate. Akumuleta usiifungue kwa pupa, ina nguvu iliyobanwa ndani na inaweza kukuvunja vidole. Na pistoni ikiwa na mkwaruzo unaoshika ukucha, seti haitakusaidia, tafuta busta kamili.

Kutoa hewa kwenye oili ya stelingi na busta kulinichosha kuliko kufunga. Nilinyanyua mbele kwa jeki, nikakata dizeli isifike kwenye injini, nikapiga stata kwa vipindi vifupi huku mwenzangu akizungusha usukani kutoka mwisho hadi mwisho. Oili ilitoa povu kama sabuni, nikaiacha saa nzima itulie ndipo nikawasha. Jambo moja msilichezee: mafuta ya breki yasiingie kwenye stelingi, wala ATF kwenye breki. Mipira ya upande mmoja haivumilii mafuta ya upande wa pili.

Kipimo kile kile nilikirudia siku hiyo jioni, na pedali ikanisukuma mguu mpaka nikacheka peke yangu. Nyota nne. Ya tano nimewanyima kwa sababu oringi moja ilikuja kubwa kuliko mfereji wake, nikalazimika kuitafuta ya saizi yake kwingine.